Korongo wa Weidlach

Ni mkono wa nani uliomsimamisha korongo wa Weidlach? Baba yangu ameniuliza, shangazi yangu ameniuliza, na wazee wa chama cha wapaka rangi wameniita wakaniuliza, nami kila mara nimejibu kwamba sijui. Sikuwa nikificha neno. Ninaijua karatasi aliyosimama juu yake, na ninajua kwamba brashi ilikuwa kwenye vidole vyangu. Lakini kati ya mkono na nia kuna nafasi nyembamba, na hiyo mpaka leo sijaweza kuona ndani yake.

Nyumba yetu hapa Augsburg huishi kwa kutia rangi vitabu. Mchapaji Narziss Kugler, wa mtaa wa nyuma, huchapa kwa wino mweusi, nasi hupaka. Baba yangu, Fundi Veit Rehlin, ndiye mwenye karakana. Dada yake, Shangazi Afra, husaga rangi na kuzichanganya na gundi. Mimi, Ottilia, hukata violezo na kushika brashi. Majira yale ya baridi tulikuwa na kazi moja tu: kitabu cha nembo za koo za waungwana wa Swabia, ambacho kilitakiwa kiwe tayari kabla wakuu wa Dola hawajakusanyika mjini kwetu. Kugler hakuwa na muda wa kumchongesha fundi kibao cha mbao kwa kila ukoo. Alichongesha shada moja la majani, akalichapa kila mahali, na chini ya kila shada akapanga jina. Ndani ya shada hapakuwa na kitu. Ngao zenyewe, pamoja na simba, dubu, funguo na minara yake, tulizijaza sisi kwa kupaka rangi juu ya kiolezo cha karatasi ngumu iliyotiwa nta.

Nchini kwetu ukoo wa kiungwana una mwisho unaoonekana kwa macho. Mwanamume wa mwisho akifa, ngao yake hupinduliwa kichwa chini: juu ya jeneza, kwenye ukuta wa kanisa, na siku hizi ndani ya vitabu pia. Mnadi wa nembo huvunja ngao nyingine ya mbao kaburini na kutangaza kwamba jina limekwisha. Tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kulibeba.

Jobst wa Weidlach alitupwa na farasi wakati wa mavuno ya zabibu, akafa bila mtoto wala ndugu. Ubao wa mazishi yake, yaani ile ngao ya kuvunjwa, niliupaka mimi. Nembo ya Weidlach ni korongo mweupe juu ya uwanja mwekundu, amesimama kwa mguu mmoja, na ule wa pili umeshika jiwe. Watu husema korongo huyo ndiye mlinzi wa kundi: akisinzia, jiwe humponyoka, na sauti yake humwamsha. Niliupeleka ubao kanisani mwenyewe kwa sababu rangi nyekundu ilikuwa haijakauka, na sikutaka mikono ya mtu mwingine iiguse.

Mnadi aliupiga ubao kwenye ukingo wa kaburi. Haukuvunjika. Akaupiga tena, watu wakaanza kutazamana, na mwishowe akauweka chini na kuukanyaga kwa buti mpaka ukapasuka. Vidole vyake vilikuwa vimeshika wekundu.

"Leo Weidlach," akatangaza, "na baada ya leo hakuna Weidlach tena."

Hapo mjane, Bibi Sabina, ambaye alikuwa amefunikwa shela nyeusi mpaka kiunoni, aliweka mikono tumboni na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Bado. Nina mimba yake."

Mnadi aliutazama ubao uliopasuka miguuni pake. Maneno ya kufunga ukoo yalikuwa yamekwisha tamkwa, na hapakuwa na maneno mengine ya kuufungua.

Baada ya Krismasi, Bwana Ruprecht Stoll aliingia karakanani akikung'uta theluji kwenye buti. Huyu ni msimamizi wa mali za Abati, mkuu wa watawa, na ardhi ya Weidlach ni mali ya abasia yake. Ukoo uliishika kizazi kwa kizazi kwa sharti moja, kwamba awepo mwanamume mwenye jina hilo.

"Fundi Veit, kazi inaendaje?"

"Kazi ipo, Bwana. Vidole ndivyo vinavyogoma. Baridi hii haina adabu."

"Weidlach mmeshamfikia?"

"Bado. Karatasi yake imeletwa jana."

"Basi jueni mapema. Anapinduliwa."

Baba aliifuta brashi yake polepole kuliko ilivyohitajika. "Lakini Bibi Sabina alisema pale kanisani..."

"Bibi Sabina ana majonzi. Wapo wanaosema amejifunga mto wa kulalia tumboni."

"Mto unaotapika kila asubuhi?" Shangazi Afra aliuliza kutoka kwenye jiwe lake la kusagia, bila kuinua kichwa. "Unauzwa soko gani huo, Bwana? Na mimi nikautafute, wa kwangu umelala tu."

"Afra!" baba akamkemea.

"Mwache," Stoll akasema, akicheka kwa pua. "Mjane mwenzake lazima amtetee."

Nilijua kwamba haikuwa nafasi yangu kusema, lakini nilisema. "Na akizaliwa mtoto wa kiume, Bwana, itakuwaje?"

Alinigeukia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto mahesabu. "Sikiliza, binti. Akizaliwa, atazaliwa karibu na Pasaka. Wakuu watakutana kabla ya Kwaresima. Watakifungua kitabu chenu kizuri, watamwona korongo miguu juu, watatia muhuri, na ardhi itarudi kwa Abati. Huyo mtoto akija baadaye atakuwa mtoto wa mjane, basi. Hatakuwa na jina, kwa sababu jina lilikwisha vunjwa kabla yake. Nitarudi wiki ijayo kuchukua karatasi za kwanza."

Bwana Stoll akatoka. Baba alichukua brashi, akasema bila kunitazama, "Sisi ni wapaka rangi, Ottilia. Hatuzai watu wala hatuziki watu. Kata kiolezo."

Nikakikata. Ninapaswa kueleza hapa jinsi korongo yule anavyopatikana, kwa maana jambo hilo lilinisumbua kuliko yote. Korongo hapakwi rangi. Kiolezo humfunika, na brashi hupita pande zote ikipaka zingefuri nyekundu. Ukikiinua kiolezo, unamwona amebaki pale, mweupe, na weupe wake ni karatasi tupu. Nilikuwa nimepaka ndege wa namna hiyo mara nyingi tangu utotoni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba ninachokifanya ni kuzungushia rangi mahali ambapo hapana mtu.

Nilianza asubuhi, mara mwanga ulipotosha, kwa kuwa rangi haipakwi kwa mshumaa. Nilikigeuza kiolezo, miguu ya korongo juu na kichwa chini, nikapaka. Nilipokiinua, korongo alining'inia kama bata bukini kwenye ndoano ya mchinjaji. Wakati huohuo nilisikia kitu kikianguka sakafuni karibu na mguu wangu. Sauti ilikuwa ndogo na kavu, kama ya kokoto kugonga ubao.

Niliinama kutafuta. Hapakuwa na kitu.

"Umepoteza nini?" Shangazi akauliza.

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Panya hao. Kugler anawalisha gundi, sisi wanatujia kunya."

Nikacheka, nikaendelea. Kila nilipokiinua kiolezo, kokoto ilianguka, na baada ya muda niliacha kuinama. Kufikia adhuhuri, tulipokula supu ya dengu kando ya jiko, nilikuwa nimepaka rundo zima, na kamba zote za kukaushia zilikuwa zimejaa.

Kesho yake baba ndiye aliyetangulia kuingia. Nilimsikia akiniita kwa sauti ambayo huitumia mtu akimwaga rangi.

"Ottilia! Hebu njoo uone ulichokifanya."

Karatasi zote zilining'inia kama nilivyoziacha. Simba wa koo nyingine za ukurasa uleule walikuwa wima, minara wima, na katikati yao, kwenye kila karatasi, korongo wa Weidlach alikuwa wima pia, mguu mmoja chini na jiwe katika mguu wa pili, kana kwamba hakuna aliyekufa.

Ipo sababu ya kiufundi, na baba aliitaja papo hapo. Karatasi kubwa ya mchapaji, kabla ya kukunjwa, hubeba kurasa zilizoelekeana vichwa kwa vichwa, ili ikishakunjwa zote zisimame. Mpakaji humaliza upande mmoja, huizungusha karatasi, kisha hupaka upande wa pili. Huizungusha mara nyingi sana kwa siku, hata juu na chini vikampotea. Hakuna mpaka rangi mjini kwetu ambaye hajawahi kumpindua simba wa mtu kwa bahati mbaya, na chama kina faini ya kosa hilo. Kwa hiyo mimi, alisema baba, nilikuwa nimekipindua kiolezo juu ya karatasi ambayo tayari ilikuwa imepinduka, na kupindua mara mbili huzaa ndege aliyesimama.

"Kila karatasi, baba? Hata moja isiwe sawa?"

"Ukikosea ya kwanza, mkono hukariri. Zifiche chini ya meza, Kugler asizione. Anza upya."

Nilitaka kumwamini. Nilichukua kisu nikakata pengo dogo kwenye ukingo wa kiolezo, upande wa miguu, ili kidole changu kijue hata jicho likipotea. Siku ile nilifanya kazi kama mtu anayevuka mto ulioganda. Kabla ya kila karatasi niligusa pengo, nikasoma jina chini ya shada, nikagusa tena. Kokoto ziliendelea kuanguka. Shangazi aliacha kuwataja panya.

Asubuhi iliyofuata korongo walikuwa wamesimama.

Baba alikitwaa kiolezo, akakipeleka dirishani. "Pengo liko upande wa kichwa," akasema.

"Nililikata upande wa miguu."

"Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Pengo lilikuwa upande wa kichwa. Nikajaribu kukumbuka kisu kilivyoingia, na kadiri nilivyojaribu ndivyo kumbukumbu ilivyozunguka, mpaka nikawa naweza kujiona nikilikata pande zote mbili. Baba alinitazama, kisha akamtazama dada yake.

"Afra, wewe umeingia humu baada ya sisi kutoka?"

"Mimi? Nikiwa na kichaa gani? Chumba hiki siku hizi hata mchana sikipendi." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Muulize mwenyewe Jobst. Hata ule ubao wake ulikataa. Tulikuwepo wote, tuliona."

"Jobst yuko chini ya jiwe la kanisa."

"Basi mwambie abaki huko, kaka, usiniambie mimi."

Tangu siku hiyo tulichunguzana. Shangazi alinifuata kwa macho kila nilipokaribia kamba. Mimi nilimwangalia baba, baba alituangalia sote wawili, na kila mmoja alijikuta akiangalia vidole vyake mwenyewe. Zingefuri ya Weidlach haikutaka kukauka. Tuliiongezea gundi, tukaisogeza karibu na jiko, lakini bado iligandia kila kilichoigusa. Niliona wekundu kwenye mpini wa mlango, kwenye mkate, kwenye ukingo wa kikombe cha bia cha baba. Vioo vya madirisha viliganda barafu, na palipobaki wazi katikati ya barafu paliniletea umbo la shingo ndefu. Nilielewa wakati ule kwamba mtu haogopi kitu kilichopo kama anavyoogopa nafasi yenye umbo.

Mwishowe baba aliketi mahali pangu na kupaka karatasi moja yeye mwenyewe. Alishikilia kiolezo kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemzamisha paka. Kokoto ilianguka. Nilimwona akisita, nikajua kwamba ameisikia, lakini alimaliza. Korongo alikuwa miguu juu, na hata tulipomaliza kula alikuwa bado miguu juu.

"Mmeona?" akasema. "Hakuna mzuka. Kuna mikono isiyo makini tu."

Bibi Sabina alikuja siku hiyohiyo alasiri. Alikuja peke yake, kwa miguu, amevaa koti zito la ngozi ya kondoo, na alisimama mlangoni mpaka baba alipomkaribisha ndani kwa heshima zote.

"Fundi Veit, nimeambiwa mume wangu yuko hapa."

Baba alielekea kwenye kamba. "Ipo karatasi, Bibi. Bado ni mbichi."

"Nionyeshe."

Alimwonyesha ile aliyoipaka yeye. Bibi Sabina aliitazama kwa muda. Hakulia, na hakumlaumu mtu. Kisha akaweka vidole vyake kwenye pembe mbili za karatasi na kuizungusha juu ya meza, kichwa kikawa miguuni. Simba wote wa ukurasa ule wakapinduka, minara ikapinduka, majina yakawa hayasomeki, na katikati yao korongo mmoja akasimama wima ameshika jiwe lake.

"Haya," alisema. "Sasa ninyi nyote mmekufa, na yeye peke yake yu hai. Ni suala la mtu amekaa upande gani wa meza."

"Bibi, sisi tumeagizwa tu," baba akasema.

"Najua, Fundi. Hata yule aliyekanyaga ubao aliagizwa." Akanigeukia. "Wewe ndiwe uliyeuleta ubao kanisani. Nilikuona ukiupepea kwa mkono, kama mtu anayepoza uji. Unaitwa nani?"

"Ottilia, Bibi."

"Lete mkono wako, Ottilia."

Aliuchukua mkono wangu wenye rangi na kuuweka juu ya koti lake, tumboni. Koti lilikuwa nene, na chini yake palikuwa na kitu kigumu cha mviringo ambacho kingeweza kuwa tumbo, na ambacho, Mungu anisamehe, kingeweza kuwa kitu kingine. Nilisubiri. Shangazi Afra aliacha kusaga. Nilisubiri kwa roho yangu yote, kwa kuwa nilitaka mtu aliyeko ndani anipe ruhusa.

"Umemsikia?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jambo la huruma, na lingenirahisishia kila kitu kilichofuata. Lakini alikuwa ameniuliza kama mtu anayeuliza mizani.

"Sijasikia kitu, Bibi."

Baba alifumba macho. Bibi Sabina aliitikia kwa kichwa, wala hakuuondoa mkono wangu mara moja.

"Zipo siku ambazo hata mimi simsikii," alisema. "Nakaa kutwa nzima nikisikiliza. Lakini sijamzika. Hiyo ndiyo tofauti yangu na wao. Wao pia hawajamsikia, ila wamemzika."

Alipoondoka, alama ya vidole vyangu ilikuwa imebaki kwenye ngozi ya koti lake, nyekundu, na hakuifuta.

Niliketi mbele ya ile karatasi aliyoizungusha. Kwa siku zile zote nilikuwa nikitafuta jibu la swali lisilo langu: kama ni Jobst aliyesimama nyuma yangu, au ni uzembe, au ni Shangazi aliyetembea akiwa usingizini. Nilikuwa nimelikumbatia swali hilo kwa sababu lilinipa mahali pa kujificha. Ikiwa ni maiti anayepaka, mimi sina lawama. Ikiwa ni kosa la kuzungusha karatasi, mimi sina lawama pia. Nilikuwa radhi kuandamwa na mfu, mradi nisiandamwe na aliye hai. Na aliye hai, kama yuko, hakuwa na mtu mwingine wa kumwandama, kwani hakuwa hata na sauti ya kutosha kuipenya ngozi ya kondoo.

Mwanga ulikuwa bado upo. Nilichukua karatasi mpya, nikaiweka jina likiwa chini, mbele yangu, linasomeka. Sikuigeuza. Nilikiweka kiolezo kichwa juu, nikalitazama pengo, nikautazama mkono wangu, na nikapaka. Nilikiinua. Nilisubiri kokoto, na kokoto haikuanguka. Nikachovya brashi nyembamba katika wino wa masizi na kumtia jicho.

Bwana Stoll alikuja kesho yake kabla ya saa sita, kama alivyoahidi. Baba alikuwa amemwandalia bia ya moto na karatasi yake moja iliyopinduliwa, lakini Stoll ni mtu wa kufunua funua. Aliitazama ile, akaridhika, kisha akatembea kando ya kamba mpaka akaifikia ya kwangu.

"Na hii je?"

Baba alifika mbio. "Hiyo ni ya kutupa, Bwana. Kosa la kuzungusha karatasi. Kosa la kawaida la kazi yetu, hata wanafunzi wa kazi wanalijua."

Stoll aliinama chini ya meza, akavuta rundo zima tulilolificha, na kuanza kulifunua. Korongo walisimama mmoja baada ya mwingine. Kila alichokishika kilimwachia wekundu vidoleni.

"Kosa la kawaida," akarudia. "Rundo zima la kosa la kawaida. Nani kafanya hivi?"

"Bwana," Shangazi Afra alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na mzaha, "humu ndani kuna kitu. Nakuapia. Tumekisikia sote. Ni marehemu mwenyewe, hataki."

"Marehemu!" Stoll akafuta vidole kwenye leso, na wekundu haukutoka. "Sawa, Fundi. Nachukua moja kati ya hayo mawili. Niambie ni uzembe, nitamwambia Kugler akuvumilie. Niambie ni mzuka, nitamleta padri aje na maji ya baraka. Lolote katika hayo, mtapaka upya na mambo yatakwisha. Ila msiniambie kuna mtu kafanya kusudi, maana huyo itabidi nimfikishe kwa Abati, na nyumba hii haitapaka tena kitabu cha mtu."

Baba alinitazama. Katika macho yake niliona akinipa njia zote mbili, wazi kabisa, na akinisihi nichague yoyote. Baba yangu hana mtoto wa kiume. Alama ya karakana yetu, brashi na kombe la rangi vilivyochongwa juu ya mlango, itashushwa siku atakayokufa, na hajawahi kunilaumu kwa hilo hata siku moja. Nilijua nilichokuwa ninakaribia kumpotezea.

Nje, ng'ambo ya barabara, Bibi Sabina alikuwa amesimama kwenye theluji na koti lake lenye alama ya mkono wangu. Sijui nani alimwambia kwamba Stoll angekuja. Nilikwenda nikaufungua mlango, ili naye asikie, na baridi ikaingia ndani pamoja na mwanga.

"Bwana Stoll," nikasema, "hizo za chini ya meza sijui ni mkono wa nani, na sitasema ninajua. Lakini hii iliyo kwenye kamba ni mkono wangu. Niliipaka mchana, nikiwa macho, nikiwa nimesoma jina. Baba hakujua na shangazi hakujua. Sijui kama kuna mtoto. Nilipomgusa Bibi Sabina sikumsikia, na hilo nitamwambia hata Abati akiniuliza. Lakini mpaka Pasaka ipite na ijulikane, sitampindua mtu ambaye hajazaliwa. Kila karatasi ya Weidlach itakayopita mkononi mwangu, korongo nitampaka wima."